Naomba ushauri: Kuzuru Varanasi wakati wa mvua

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kufika Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu kando ya mto Ganga nchini India. Ninasoma Delhi na likizo yangu ni Agosti, wakati ambapo mvua za monsuni huweza kuujaza mto hadi ngazi za kuogea zikafunikwa na mashua zikazuiwa kutoka. Je, ibada ya taa ya jioni pale kwenye ngazi za Dashashwamedh huendelea hata hivyo, au ni heri nisubiri Novemba? Linalonisumbua zaidi ni Manikarnika, ambako maiti huchomwa usiku na mchana: mgeni asiye Mhindu asimame wapi ili asiwakwaze wafiwa? Kamera nitaiacha chumbani. Hilo halihitaji mjadala.