Tupeane uzoefu: kazini kwenu chuoni, ni nini kinakufanya utunze usafi na afya, au ushindwe?

Habari zenu wadau. Mimi ni karani wa chuo kimoja hapa Nairobi. Machi 2020, kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa nchini, langoni petu paliwekwa tangi la maji na sabuni. Tulinawa mpaka ngozi ya vidole ikakauka. Tangi bado lipo, mfereji umeng'oka, na ndani mna majani makavu. Watu ni walewale, na hakuna aliyesahau kwa nini mtu hunawa. Kilichoondoka ni maji na sabuni. Semeni yenu.

*

Mimi ni wa usafi, niko chini ya mwenye kandarasi. Siku za mgao wa maji napandisha ndoo za lita 20 hadi ghorofa ya nne ili vyoo visinuke. Choo cha wafanyakazi kina kufuli, na ufunguo hatukupewa. Basi nilikuwa sinywi maji tangu asubuhi mpaka nifike nyumbani, nisije nikabanwa. Nikaanza kuumwa nikikojoa. Zahanati wakaniambia ni maambukizi ya njia ya mkojo, ninywe maji mengi. Ningeyanywaje? Baadaye alikuja msimamizi mwingine, mama mtu mzima. Siku yake ya kwanza alinikuta nimejishika tumbo ngazini, akaniuliza, nikamweleza. Saa nane alikuwa ameshachongesha ufunguo, akanitia mkononi. Tangu siku hiyo chupa yangu ya maji haikai tupu.

*

Pole sana dada. Mimi ni mhadhiri, nafundisha biolojia, kwa hiyo sikukosa elimu. Vipindi vya jioni vinaisha saa mbili, halafu foleni ya Thika Road. Chakula changu kilikuwa chai ya maziwa na mandazi, usiku chipsi zilizojaa chumvi. Presha ikafika 160 kwa 100. Daktari akasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na nitembee dakika 150 kwa wiki. Peke yangu nilitembea siku mbili nikaacha. Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyeniokoa: saa saba kamili anasimama mlangoni na raba zake, tunakwenda bustani ya miti ya Arboretum na kurudi. Siku asipokuja kazini, hata mimi siendi, nakiri.

*

Maabara yetu tunachanga shilingi 50 kila mwezi. Sabuni ya kipande ilikuwa haimalizi siku mbili, inabebwa. Sasa tunatia ya maji kwenye chupa ya soda, kizibo kimetobolewa kwa msumari, shingo imefungwa kwa waya kwenye mfereji. Ina miezi mitano haijaguswa.

*

Karani tena. Asanteni. Dada wa usafi, na wenzako wamepata ufunguo?

*

Ghorofa yetu ndiyo. Wa ghorofa ya pili bado wanavuka uwanja kwenda vyoo vya wanafunzi.

*

Hiyo block naijua. Kesho asubuhi nitapitia ofisi ya msimamizi wao.