MREJESHO: Kumpata mwanasaikolojia wa tatizo la wasiwasi

Wakuu, mwezi wa pili niliomba msaada wa kumpata mwanasaikolojia hapa Dar, kwa wasiwasi unaobana kifua kila nikipanda daladala. Nimerudi kama nilivyoahidi.

Nilianza na vipimo vya damu kama mlivyosema, maana tezi ya shingo ikizidisha homoni moyo huenda mbio vilevile. Majibu safi.

Mtaalamu wa kwanza hakufaa: vipindi vitatu vya mawaidha matupu, hakuna zoezi la nyumbani. Dada aliyesema "muulize kwa simu kabla hujalipa" alikuwa sahihi. Uliza amesomea nini, anatumia njia gani, atapimaje maendeleo. Wa pili alijibu bila kuzunguka: tiba ya fikra na tabia, vipindi 12 vya dakika 50, dodoso la GAD-7 (maswali saba ya kupima wasiwasi, alama zikipanda ndivyo ulivyo mkali) kila baada ya vipindi vinne. Nilianza na alama 16 kati ya 21, sasa 8.

Kilichosaidia hasa ni ngazi ya woga, yaani kukabili unachokiogopa hatua kwa hatua. Unakaa kwenye daladala tupu kituoni, kisha unapanda vituo viwili, mwisho Mbagala hadi Kariakoo asubuhi watu wamebanana mlangoni. Kosa kubwa ni kushuka wasiwasi ukiwa kileleni. Ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Baki mpaka wasiwasi upungue.

Vipindi vya video vilishindikana, mtandao unakatika pale pale unapoanza kufunguka. Usingizi nao bado haujakaa sawa, tunaushughulikia.

Asanteni sana, hasa mlionijibu inboksi.