Kichwa kinamuuma akisimama, akilala kinatulia. Naombeni ushauri

Kaka_Mkubwa: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kike ana miaka 34, hajaanguka wala kupata ajali. Kichwa kilimwanza ghafla kisogoni, kikashuka hadi shingoni. Akilala hana shida. Akisimama kuosha vyombo, hata sahani hajazimaliza kichwa kinampasuka, masikio yanaziba na kuvuma. Sasa hata chakula anakula amelala ubavu. Katibiwa malaria, sainasi, kipandauso, bila nafuu. Daktari wa mishipa ya fahamu anahisi maji ya uti wa mgongo yanavuja yenyewe. Kaagiza picha ya MRI ya kichwa na kutaja kiraka cha damu kinachochomwa mgongoni. Mama akisikia sindano ya mgongo anatetemeka. Nani amepitia haya?

Nesi_wa_Zamu: Poleni sana. Huyo daktari kamsikiliza mgonjwa. Ubongo huelea kwenye maji hayo. Yakipungua, mtu akisimama unashuka na kuvuta utando unaouzunguka. Ulizeni kama MRI itapigwa kwa dawa ya mshipani, maana bila hiyo dalili nyingine hujificha. Na picha ikitoka safi msiseme hana kitu, wapo wanaovuja na picha haioneshi.

Mwambie mama kiraka si kigeni. Madaktari wa usingizi huwafanyia wazazi wanaoumwa kichwa baada ya ganzi ya mgongo ya upasuaji. Damu inatolewa mkononi mwake mwenyewe, inachomwa mgongoni nje ya utando unaoshika maji, inaganda na kuziba. Ila uvujaji wa wenyewe ni mkaidi zaidi, huenda kikarudiwa.

Jiwe_Kuu: Shemeji yangu alilala tu, akanywa maji mengi na kahawa, akapona. Kwa nini mkimbilie sindano?

Nesi_wa_Zamu: @Jiwe_Kuu inatokea kweli, na ndiyo huwa hatua ya kwanza. Lakini huyu keshalala vya kutosha. Kuacha muda mrefu kuna hatari ya damu kuvujia juu ya ubongo. Kaka, akianza kusinzia ovyo, kuchanganyikiwa, kulegea upande mmoja, au kichwa kikaanza kuuma hata akiwa amelala, msisubiri miadi. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

Mama_Wawili: Mimi nilichomwa. Mgongo uliuma na kujaa, lakini unavumilika. Kazi ilikuwa baadaye: wiki kadhaa hakuna kuinama, kubeba ndoo wala kujipinda, na choo kisiwe kigumu. Kisha kichwa kikageuka, kikawa kinauma mbele, na nikilala ndiyo kinazidi. Nililia nikidhani kiraka kimefeli. Kumbe ni presha ya maji imepanda baada ya tundu kuziba. Nilipewa asetazolamaidi, dawa ya kupunguza maji hayo, ikatulia. Muulizeni daktari hilo mapema.

Kaka_Mkubwa: Asanteni mno. Hili la kugeuka hatukuambiwa kabisa. Na kiraka kikishindwa?

Nesi_wa_Zamu: Wanatafuta tundu lilipo kwa picha ya CT ya mgongo yenye dawa, kisha kiraka kinalengwa hapo hapo au anafanyiwa upasuaji. Kama mko Dar, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wana madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mgongo. Ombeni rufaa, mbebe picha zote.

Kaka_Mkubwa: Tuko Morogoro. Nitaomba rufaa tukienda kuchukua majibu ya MRI.