Mjadala: Mitambo ya upepo na paneli ndani ya Ziwa Victoria, Mwanza ikubali au ikatae?

Mkazi wa Capri Point
Wakuu, hoja inayozunguka ni hii: Wazungu wanavuna umeme majini, na sisi tunamiliki karibu nusu ya Ziwa Victoria, kwa hiyo Mwanza nayo isimike mitambo ya upepo ziwani na kutandaza paneli za sola zinazoelea. Wanaounga mkono wanasema ardhi ya mkulima haitaguswa na maji yatapoza paneli. Wanaopinga wanasema tutamfukuza mvuvi kwa ajili ya umeme ambao Kishapu, Shinyanga, unapatikana juani, nchi kavu, bila boya hata moja.

Msimamo wangu: upepo hapana. Paneli sawa, ila karibu na ufukwe, na pale tu palipo na mtumiaji mkubwa wa mchana.

Kwa nini upepo hapana? Nguvu ya upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Upepo wa mita 9 kwa sekunde, kama wa Bahari ya Kaskazini, una nguvu karibu mara 6 ya upepo wa mita 5. Sisi tuko jirani na ikweta, na upepo wetu mwingi ni wa kupokezana: mchana unatoka ziwani, usiku unatoka nchi kavu, na katikati kuna saa za utulivu. Isitoshe, ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto la nyuzi 23, mita ya ujazo ya hewa yetu ina uzito wa kilo 1.04 hivi, ilhali kiwandani mtambo hupimwa kwa hewa ya kilo 1.225. Asilimia 15 imeshapotea kabla bawa halijazunguka.

Mhandisi Bwiru
Mkuu, kutulinganisha na Bahari ya Kaskazini ni kutuonea. Linganisha na maji baridi. Uswidi wana mitambo 10 ya megawati 3 kila mmoja ndani ya ziwa Vänern. Uholanzi wana Fryslân kwenye IJsselmeer: mitambo 89, megawati 382.7, tangu 2021. Chumvi hakuna, kwa hiyo chuma hakiliwi kama baharini. Na msingi usiwe kisingizio: Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 na ushei, limesimama juu ya nguzo zilizochimbiwa kwenye sakafu ya ziwa hilihili.

Mkazi wa Capri Point
Nguzo za daraja hazihitaji kuinuliwa kitu cha makumi ya tani hadi mita 100 hewani huku chini kuna mawimbi. Meli za kazi hiyo husimama kwa miguu yake juu ya sakafu ya maji, na hakuna njia ya kuipandisha kutoka Dar. Utaisafirisha vipande vipande, uiunge Mwanza, uitumie mwaka mmoja au miwili, kisha ikae na kutu. Mabawa ya zaidi ya mita 50 nayo yaje kwa barabara, kona kwa kona. Marekani yenyewe, yenye chuma na viwanda pembeni mwa Ziwa Erie, mradi wa Icebreaker wa mitambo 6 tu, megawati 20.7, ulisimamishwa Desemba 2023 baada ya miaka ya vibali, kesi na gharama kupanda.

Fundi Volti
Upepo tuuache. Kwenye paneli ndiko watu wanadanganyana.

Kwanza hilo la kupozwa na maji. Paneli hupoteza kama asilimia 0.35 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Maji yakiipunguzia nyuzi 5, umepata asilimia 2. Yule muuzaji anayekuahidi 10 mwulize amepima wapi.

Pili, nanga. Tani 1 ya zege ikizama hubaki na uzito wa kilo 580 tu, kwa sababu maji yanaibeba. Sakafu ya upande wetu ni tope laini hapa, jiwe tupu pale: kwenye tope zege linazama bila kikomo, kwenye jiwe linateleza. Kwa hiyo kabla ya kununua hata boya moja, sakafu yote ipimwe. Halafu ziwa lenyewe halitulii. Mei 2020 lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, rekodi ya wakati huo, na ukilinganisha na ukame wa 2006 tofauti inapita mita 2. Kamba ikikazwa kwa kina cha leo, maji yakipanda inavuta boya chini. Yakishuka inalegea, jukwaa linayumba, na mzigo wote unaangukia nanga ya kona moja. Ikikatika hiyo, zinazofuata hukatika kama vifungo vya shati. Japani waliyaona kwenye bwawa la Yamakura, megawati 13.7: Septemba 2019 kimbunga Faxai kiling'oa nanga, paneli zikapandana, zikashika moto. Sisi hatuna vimbunga vya namna ile, ila dhoruba za alfajiri za ziwa hili kila mwana Mwanza anazijua. Dawa ni kipande cha mpira kinachovutika kwenye kila kamba, na kamba zenye nafasi ya kurekebishwa kila msimu.

Tatu, radi. Baharini waya wa ethi unatumbukizwa majini basi. Maji ya Victoria hupitisha umeme pungufu ya maji ya bahari kwa takribani mara 500. Usipovuta waya wa ethi hadi nchi kavu, radi itajitafutia njia kupitia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika kwenye gridi.

Na kuna kero ndogo inayokula mapato: asubuhi umande unaingia kwenye viungio vya nyaya, inveta inagundua umeme unavuja, inagoma kuwaka hadi saa nne. Nyaya zisining'inie majini, viungio vifungwe juu ya boya.

Dada wa Kayenze
Kaka Fundi, umesahau magugu maji. Yakishonana, mita moja ya mraba ina kilo 20 hadi 40. Hekta moja ni tani 200 hadi 400 zinazosukumwa na upepo kuelekea jukwaa lako. Aprili 2020 kisiwa kinachoelea kiliziba mitambo ya bwawa kule Jinja, Uganda nzima ikakosa umeme.

Halafu kuna samaki. Ghuba za kina kifupi mnazozitamani ndiko sato anachimba kiota chake. Kivuli cha boya kitavuta samaki, samaki watavuta nyavu, na nyavu zikinasa kwenye kamba, kisu kitakata kamba. Wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza; jukwaa lisilo na taa ni ajali inayosubiri mtumbwi. BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, waitwe kabla ya ramani kuchorwa, siyo siku ya kuzindua.

Fundi Volti
Nakubali, dada. Uzio wa maboya wa kuzuia magugu uwekwe upande wa upepo, na uwe na nanga zake zenyewe, usifungwe kwenye jukwaa.

Mhandisi Bwiru
Sasa mtumiaji wa mchana ni nani?

Mkazi wa Capri Point
Pampu za maji. Chukua mtambo wa Butimba, lita milioni 48 kwa siku. Tukikadiria maji yanapandishwa mita 100 na pampu zina ufanisi wa asilimia 70, ni uniti 18,700 hivi kila siku. Megawati 1 ya paneli hapa inatoa uniti 4,500 kwa siku nzuri na inakula takribani hekta 1. Megawati 4 zinafika karibu na mahitaji yote. Kebo ni fupi, betri haihitajiki kwa sababu tenki la mlimani ndilo ghala, na usiku gridi inaendelea.

Mhandisi Bwiru
Hesabu naikubali. Ila ndege aina ya mnandi watalala juu ya paneli, na kinyesi chao kitaoshwa na mvua karibu na mdomo wa bomba la maji ya kunywa.

Fundi Volti
Ndiyo maana jukwaa lisikae juu ya bomba. Litengwe mita mia kadhaa, upande ambao mkondo wa maji hauelekei kwenye bomba. Paneli zioshwe kwa maji matupu bila sabuni. Nyuzi za kuzuia ndege kutua zifungwe tangu siku ya kwanza, maana mnandi akishazoea mahali, kumhamisha ni kazi.