Bedford QL ya vita: sakafu na boriti za mbao zimeoza, niweke mbao gani?

Mjukuu_wa_Kibosho (Moshi)

Shikamooni wazee, wengine habari za jioni.

Nina Bedford QL, ile ya pua bapa, injini inakaa katikati ya dereva na abiria. Zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1941 hadi 1945, zaidi ya 50,000, kwa ajili ya jeshi. Hii yetu babu aliikuta kwenye shamba la kahawa, akaifanyia kazi ya kubeba ndizi na mawe mpaka ilipolala chini ya mparachichi nyuma ya nyumba. Injini nimeshaiamsha. Breki ziko kwa fundi. Kinachonitesa ni bodi, maana yote ni mbao iliyofungwa kwa mikanda ya chuma.

Nakiri kosa langu kwanza. Mwaka jana mwezi wa tano nilinunua mbao za mlingoti (mkaratusi) kwenye yadi moja hapa mjini, nikaambiwa "kavu kabisa". Nikapanga sakafu nzima, mbao zimebanana hata wembe haupiti. Kufika Septemba kidole gumba kinapita kati ya ubao na ubao, na mmoja umejikunja kama ulimi wa ng'ombe anayelamba magadi, ukapasukia kwenye bolti. Laki tatu na ushee imekwenda hivyo.

Sasa naogopa kugusa zile boriti mbili ndefu zinazolala juu ya chasisi. Ya kushoto ukiichoma bisibisi inazama hadi mpini. Fundi wa kuchomelea anasema nitupe mbao zote, aniwekee chaneli ya chuma. Nimsikilize? Na kama ni mbao, ni lazima iwe mninga kila mahali? Bei yake mnaijua.

Mbauda_Spea (Arusha)

Kaka piga chekapleti (bati nene la chuma lenye vinundu) chini, maisha yaendelee. Nani atapanda juu kuangalia sakafu ni ya mti gani?

Fundi_Bodi_Njoro (Moshi)

Marahaba mjukuu.

Huyo wa Mbauda ana haraka zake, mwache. Nimefunga bodi za mbao tangu enzi za Bedford za kawaida mpaka Fuso hizi za leo, na chaneli juu ya chasisi ya namna hiyo nisingeweka. Gari hilo linavuta magurudumu yote manne. Likiingia korongoni, gurudumu moja juu na jingine chini, chasisi inajinyonga. Boriti ya mbao inajinyonga nayo kidogo, kisha inarudi. Chuma juu ya chuma hulia, hulana, na mwisho nyufa unazikuta kwenye chasisi, mahali usipoweza kwenda kununua nyingine.

Mninga kila mahali ni kumwaga pesa. Weka mti mzuri kwenye boriti na zile mbao za kukingama zinazobeba sakafu. Mninga unafaa kwa sababu ukikauka haunywei sana wala haujikunji, na mchwa hawaupendi. Lakini nasema moyo wake, ule wekundu. Weupe wa pembeni wadudu wanautafuna kama mti mwingine wowote, na kuna wauzaji wanaupaka mafuta ili ufanane. Mkongo nao ni mzuri. Mvule pia, ila una mawe ndani. Usishangae msumeno ukitoa cheche na meno kuisha. Angalia nyuzi za mti ziende sambamba na ubao toka kichwa hadi kichwa. Zikikatisha kwa mshazari, rudisha, hata kama ni mninga wa bei kali.

Mabodi ya pembeni na sakafu, mlingoti hauna kosa. Kosa ni maji yaliyokuwa ndani yake. Neno la muuzaji halipimi maji. Kata kipande katikati ya ubao, siyo kichwani, kipime kwenye mzani wa jikoni. Kiweke kwenye oveni ya moto mdogo, zaidi kidogo ya maji yanayochemka, ukipime kila baada ya saa chache mpaka uzito ugome kushuka. Toa uzito mkavu kwenye ule wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa mia. Kwa hali ya hewa yetu nataka asilimia kumi na mbili mpaka kumi na tano. Zaidi ya hapo panga mbao kivulini, weka vipande vyembamba kati ya ubao na ubao hewa ipite, weka mawe juu, na usubiri. Inchi moja ya unene ni kama mwaka mzima. Huna mwaka, kawaulize FITI, kile chuo cha viwanda vya misitu pale Moshi. Kukausha mbao ni mambo wanayofundisha.

Boriti iliyooza usiichome moto! Ndiyo ramani yako. Ilaze juu ya mpya, chora kila tundu na kila kona. Na kumbuka, ubao wa inchi moja ukipita kwenye randa ya mashine haubaki inchi moja. Nunua mnene zaidi.

Kuna wanaokata sehemu iliyooza na kuunga mti mpya kwa mshazari, inchi nane za mteremko kwa kila inchi moja ya kimo. Kwa gari la kusimama kwenye maonyesho, sawa. Kwa gari la kubeba mawe mimi boriti siungi.

Dada_Sanawari (Arusha)

Naongeza mawili. Vumbi la mninga siyo la kuchezea. Mume wangu alipiga msasa siku mbili bila barakoa, akakohoa wiki nzima na kifua kinapiga filimbi. Na hiyo rangi ya zamani ya jeshi mara nyingi ina sumu ya madini ya risasi, usiikwangue kavu watoto wakiwa uani, na mbao zilizooza zisiingie jikoni kupikia. Ukinunua mninga dai risiti na uangalie alama ya nyundo ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwenye mbao, usije ukasimamishwa njiani ukalala Bomang'ombe.

Mjukuu_wa_Kibosho

Asanteni sana. Mzee, nimepima kama ulivyosema. Kipande cha mlingoti uliobaki stoo: gramu 460 kuingia, 368 kutoka. Asilimia 25! Na huo umekaa mwaka ndani, umerundikwa bila hewa. Yadi waliniuzia maji.

Nimefungua pia mikanda ya chuma ya zamani. Katikati ubao mzima, rangi ya kijani bado inang'aa. Chini ya mkanda, unga mtupu, na kila tundu la bolti lina mviringo mweusi. Swali dogo: bolti za zamani ni za inchi, tatu kwa nane, kichwa cha duara na shingo ya pembe nne. Madukani napata milimita kumi tu na haipiti kwenye vyuma. Nitoboe?

Fundi_Bodi_Njoro

Usitoboe. Loweka za zamani kwenye dizeli, nyingi zitaamka. Zilizokufa, mpelekee mtu wa mashine ya kukereza.

Hapo penye mviringo mweusi umejionea mwenyewe. Maji huingia tunduni na kwenye vichwa vya mbao. Kwa hiyo paka rangi kila ubao pande zote, vichwa mara mbili, na ndani ya tundu, kabla hujafunga. Ukipaka baada ya kufunga umepamba tu. Na oili chafu usiweke, rangi haitashika.

Chasisi usiitoboe wala kuichomelea juu na chini. Tumia yubolti (bolti ya umbo la U inayokumbatia boriti na chasisi), na ndani ya chasisi weka kipande cha mti mgumu usije ukaikunja ukikaza.

Mjukuu_wa_Kibosho

Nimeokoa bolti 41 kati ya 64. Yubolti nikaze mara moja niendelee na sakafu?

Fundi_Bodi_Njoro

Kaza. Funga sakafu, pakia mchanga nusu, nenda Himo urudi. Kaza tena. Utaona nati zinazunguka robo nzima, usiogope, mbao zimekaa.