Ukoo wa Bombo: majibu ya Baba Mkubwa

Halima: Asalaam aleikum. Majibu ya CT, ile picha ya tumbo, yametoka. Kongosho limevimba, mrija wa nyongo umebanwa. Daktari ametaja saratani, ila hajathibitisha.

Baba Mdogo Juma: Ya Rabi! Basi ploti ya Wobulenzi iuzwe, Kaka apelekwe India.

Shangazi Zawadi: Si tuliambiwa homa ya manjano?

Sadiki: Hapana Shangazi, hiyo ni ya mbu, ile tunayochanjwa. Macho yake ni ya manjano kwa sababu nyongo haipiti. Halima, tumbo linamuuma?

Halima: Si sana. Anajikuna usiku kucha, mkojo mweusi, choo kimepauka. Na sukari imepanda, wakati hakuwa nayo.

Sadiki: Saratani ya kongosho hufanya hayo yote. Ila kuna ugonjwa unaoiiga vizuri sana, unaitwa "autoimmune pancreatitis": kinga ya mwili inageuka na kulishambulia kongosho. Aina yake ya kwanza huwapata zaidi wanaume waliovuka 60. Hebu niandikie ripoti ilivyo.

Halima: "Limevimba lote, kingo zimesawazika, limezungukwa na utando mwembamba. Donge halionekani. Mrija wa kongosho haujapanuka."

Sadiki: Eeh! Saratani mara nyingi ni donge mahali pamoja, na mrija nyuma yake hupanuka. Hili limekuwa kama soseji. Si uthibitisho, lakini ploti msiiguse kwanza.

Halima: Na ule uvimbe chini ya taya, tuliosema ni jino?

Sadiki: Daktari anaujua?? Mwambie kesho! Ugonjwa huu hugusa hata tezi za mate, mirija ya nyongo na figo. Aombe kipimo cha damu cha IgG4, aina ya kingamwili ambayo ugonjwa huu mara nyingi huipandisha.

Baba Mdogo Juma: Mbona hatujawahi kuusikia?

Sadiki: Ni nadra. Hata jina unaloitwa sasa lilitoka kwa Wajapani 1995, na habari ya IgG4 wakaileta 2001.

Baba Mdogo Juma: Kwa hiyo IgG4 ikiwa juu, si saratani?

Sadiki: Polepole Baba Mdogo. Wapo wenye saratani ambao IgG4 yao hupanda kidogo, na wapo wenye ugonjwa huu ambao haipandi. Ikizidi mara mbili ya kiwango cha juu ndipo ina uzito. Bado kinyama kitolewe kikapimwe, kwa sindano inayopita na kamera ya altrasaundi mdomoni hadi tumboni.

Baba Mdogo Juma: Nina prednisoloni zangu za pumu hapa. Si ndiyo dawa yenyewe? Namtuma mtu wa boda sasa hivi.

Sadiki: USITUME. Ndiyo dawa kweli, na kongosho huanza kunywea ndani ya wiki mbili. Madaktari hulitumia hilo kama ushahidi. Lakini hupewa baada ya saratani kutafutwa na kukosekana. Akianza mapema, hata limfoma, saratani ya tezi za limfu, hunywea kwa muda, kinyama kinakuwa kigumu kusomeka, na sisi tunashangilia huku ugonjwa unaendelea. Tena itampandishia sukari.

Baba Mdogo Juma: Haya, nimezirudisha kabatini.

Shangazi Zawadi: Nami nimeshachemsha mululuza, yale majani machungu 🙈

Sadiki: Mnywe nyinyi Shangazi 😂 Halima, akipata homa na kutetemeka, usingoje asubuhi: nyongo iliyokwama huoza, inaua upesi. Mpeleke usiku huohuo.

Halima: Sawa kaka. Kliniki ni saa mbili. IgG4 hawapimi pale, damu inapelekwa maabara ya nje, tunalipa wenyewe.

Baba Mdogo Juma: Niandikie kiasi, natuma kwa simu.