Naomba ushauri: kwenda Udzungwa kwa treni na mama mwenye goti bovu

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni.

Nataka kumpeleka mama Hifadhi ya Milima ya Udzungwa siku tatu, sisi wawili tu. Ana miaka 63 na goti la kulia linamsumbua. Tatizo ni usafiri: basi hataki kulisikia. Anataka TAZARA, treni aliyopanda akiwa msichana, akae dirishani atazame twiga tukikatiza Hifadhi ya Nyerere (yeye bado anaiita Selous, nimechoka kumrekebisha). Nguo ameshapanga, na chupa ya chai iko juu ya begi.

Nimeulizia kwa jamaa wawili waliowahi kupita huko. Mmoja anasema tushuke Mang'ula, ndiyo karibu na lango la Udzungwa. Mwingine anasema treni ikichelewa tutashushwa usiku wa manane, bora twende hadi Ifakara tulale, asubuhi turudi kwa gari. Nimebaki katikati.

Halafu Udzungwa hakuna kuzunguka na gari, ni miguu tu. Maporomoko ya Sanje, yale ya mita 170, nayatamani sana lakini ile milima naiogopa kwa ajili yake.

Kwa aliyefika karibuni:

1. Ukiwa na mtu mzima, ushuke Mang'ula au Ifakara? Usiku Mang'ula usafiri unapatikana?

2. Kuna njia fupi isiyo na mwinuko mkali ambako bado tutawaona mbega wekundu? Nimesikia maporomoko ya Prince Bernhard yako karibu na lango; goti lake litayaweza?

Natanguliza shukrani.